Lami ya Kupaliwa

Watu wa Kibaoni wakiniuliza kwa nini kipande chao cha barabara kimepasuka kabla hakijazeeka, huwa nawajibu kwamba kilipikwa sana. Wanacheka. Huku kwetu neno kupika tunaliweka kwenye wali, na wali wa Ifakara kila mtu anaujua, basi kitu kilichopikwa sana na mtu wa Ifakara kitakuwaje kibaya? Wanadhani natania. Mimi ndiye niliyekuwa naipima lami hiyo, ndani ya kontena la bati lililokuwa na joto la kuivisha mayai, na hasira niliyotoka nayo mle ndani haijapoa mpaka leo.

Kampuni iliyopewa kazi ilikuwa ndogo, ya aina ile ambayo injinia ndiye meneja, ndiye mtunza stoo, na akikosekana dereva ndiye dereva. Walikuja na greda la kukodi, mapipa ya lami, na tangi moja la kuchemshia lenye mfuniko mpana wa chuma. Kambi waliiweka pembeni mwa mji, jirani na mashine za kukoboa mpunga, ambako pumba zinalundikana mpaka wenye mashine wanakushukuru ukizibeba. Kwa hiyo lami yetu haikupikwa kwa gesi wala kwa dizeli. Ilipikwa kwa kuni na pumba za mpunga.

Na aliyepika alikuwa baba yangu mdogo.

Baba mdogo alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Michenga hadi Kiberege, mtu akiwa na harusi au msiba alimfuata yeye kwanza, shehe au padri baadaye. Injinia alipouliza mjini ni nani anayeweza kukaa na moto mkubwa bila kulewa wala kusinzia, wote walimtaja mtu mmoja. Akaajiriwa kukaa na tangi. Hakukaa siku nyingi akamwambia injinia kwamba ana binti wa marehemu kaka yake, kasomea maabara Dar es Salaam, na sasa yuko nyumbani anakaanga vitumbua. Ndivyo nilivyopata kazi, kwa mdomo wa mpishi, wakati cheti changu kimelala kwenye begi. Iliniuma kidogo, lakini vitumbua nilikuwa nimevichoka.

Lami si tope la ajabu. Ni kile kinachobaki chini mafuta ghafi yakishachemshwa na kila chenye haraka kikashaondoka: gesi, petroli, mafuta ya taa, dizeli. Kinachobaki ni kizito, cheusi na kivivu. Ndani yake mna mafuta mazito, mna utomvu unaonata, na mna unga mweusi mgumu ambao wataalamu wanauita asfaltini. Unga huo ndio unaoipa lami nguvu, mafuta ndiyo yanayoubeba usikauke, na utomvu uko katikati unawapatanisha. Ukiipasha lami kupita kiasi na hewa ikaipata, mafuta yanageuka utomvu, utomvu unageuka unga, na hakuna namna ya kuurudisha. Lami ya hivyo inang'aa vizuri, inapendeza machoni, kisha inavunjika kama ukoko.

Kipimo kikuu ni sindano. Unamimina lami kwenye kikopo, unaipooza kwenye maji ya nyuzi ishirini na tano, unaiachia sindano ishuke kwa uzito wake kwa sekunde tano, kisha unasoma imezama kiasi gani. Lami tuliyoagiza ilikuwa ya sitini sabini, maana yake sindano inatakiwa kuishia kati ya namba hizo mbili. Tatizo la bonde la Kilombero ni kwamba maji ya nyuzi ishirini na tano hayapo, hata ya kisima yanatoka yameshapata moto. Nikawa nanunua barafu za mifuko kwa mama mmoja anayeuzia wanafunzi. Zilikuwa za ukwaju, kwa kuwa za maji matupu watoto hawazitaki. Mfuko ukipasuka, maji ya kipimo changu yanabadilika rangi na kontena zima linanukia ukwaju. Injinia alikuwa akiingia ananusa, anauliza kama hapa ni maabara au kantini.

Lami ya pipa jipya ilipita bila shida. Ya tangini haikupita. Sindano ilishuka kidogo tu ikagoma. Nikadhani nimekosea joto la maji, nikarudia. Nikadhani kikopo kina mchanga, nikaosha, nikarudia tena. Lami ile ile, kutoka mapipa yale yale, ikiingia tangini ilikuwa inatoka imezeeka.

Kesho yake nikaenda kwenye tangi asubuhi na mapema, kabla vibarua hawajafika. Nilimkuta baba mdogo ameshika fagio la makuti, anafagia makaa ya pumba kutoka juu ya mfuniko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Chai umekunywa?"

"Bado. Baba, haya makaa huku juu ni ya nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama vile kunisomesha kote kule kumepotea bure. "Ukipika cha chini peke yake, cha juu kitaiva na nini? Nimepalia tangu jana jioni. Tazama sasa, imelainika mpaka basi."

Alikuwa ameipalia lami. Alichokuwa akiifanyia sufuria ya pilau kwenye kila harusi ya bonde hili, moto chini na makaa juu ya mfuniko, ndicho alichokuwa akilifanyia tangi kila jioni. Na pumba za mpunga hazina haraka ya kufa, zinafukuta taratibu mpaka kunakucha. Lami ilikuwa inakaa ndani ya moto huo usiku kucha, inaiva, inaungua, inageuka unga.

"Baba, lami siyo wali," nilimwambia huku nacheka, maana neno kama hilo humwambii baba yako ukiwa umekunja uso.

Naye akacheka. "Ni kweli. Wali ndio mgumu. Hii haina hata kuchambua mawe."

Hata hivyo alinisikiliza. Siku mbili tatu hakupalia. Asubuhi lami ikakutwa imeganda, vibarua wakasimama na ndoo zao mikononi, lori la kokoto linanguruma bila kazi, na mawingu ya masika yameanza kujikusanya upande wa milima. Injinia akaja anatembea haraka. "Mzee, leo ulilala?" akamwambia, mbele ya watu wote. Baba mdogo hakuwahi katika maisha yake kuambiwa kwamba chakula kimechelewa. Jioni ile makaa yalirudi juu ya mfuniko, na mimi sikuwa tena na la kumwambia, kwa sababu aliyemkemea ndiye aliyekuwa mkubwa wangu pia.

Kontena letu lilinunuliwa kutoka kwa kampuni nyingine kubwa, na chini ya meza kulikuwa na sanduku la chupa ambalo hakuna aliyejali kulifungua. Ndani nilikuta heptani. Ni kimiminika kisicho na rangi, chepesi kama petroli, na kazi yake kwetu ni moja: ukiyeyusha lami ndani yake, mafuta na utomvu vinayeyuka, unga wa asfaltini unakataa, unazama chini. Nikaweka lami ya pipa jipya kwenye chupa moja na lami ya tangi kwenye nyingine, nikaziacha gizani zitulie, kisha nikachuja. Karatasi ya kwanza ilibaki na unga mwembamba. Ya pili iliziba kabisa, ikawa nyeusi mpaka pembeni, na ukiigusa inatoa vumbi. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika angeiona tofauti ile.

Nilimwita injinia. Alikuwa kijana, mpole, amechoka, anaongea na simu mbili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alizitazama karatasi zangu zote mbili kwa makini.

"Kwa hiyo sindano haitapita," alisema.

"Injinia, sindano ni jambo dogo. Lami yenyewe imeshakufa. Hii inatakiwa kumwagwa, na upikaji ubadilike."

"Mkaguzi anakuja na sindano, dada. Haji na chupa."

Akatoka. Baadaye nikaona kibarua anavuta dumu la mafuta ya taa kuelekea kwenye tangi.

Mafuta ya taa hayakuwa mageni pale kambini. Yalitumika kutengenezea lami nyepesi, ile ya kwanza inayonyweshwa udongo kabla ya kumwaga lami kamili, na ilichanganywa pembeni, mbali na moto. Sasa yalianza kumiminwa kwenye tangi lenyewe, asubuhi, lami ikiwa ya moto. Nikaletewa sampuli. Sindano ilishuka vizuri kabisa, ikatua palepale inapotakiwa. Injinia alifurahi akaniletea soda.

Sikuinywa. Unga ulikuwa bado umo mle mle, wote. Mafuta ya taa yalichofanya ni kuudanganya ule ugumu kwa muda, na jua la Kilombero lingeyafukuza yote kabla mahindi hayajabeba. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, watu walihangaika na minara na mabomba mpaka wakayatoa mafuta ya taa kwenye lami. Sisi Kibaoni tukayarudisha kwa ndoo.

Lakini barabara haikuwa ndiyo iliyoninyima raha. Barabara ikifa inatengenezwa nyingine. Nilikuwa na kikombe kimoja cha shaba ambacho ni cha kupimia mwako. Unapasha lami ndani yake polepole, na mara kwa mara unapitisha kimoto kidogo juu ya mdomo wa kikombe. Ikifika wakati ule mvuke ukashika, unaona mmweko wa bluu unapita juu, unatoweka. Lami safi unaweza kuipasha kupita sana joto la kupikia bila kuuona mmweko huo. Hii ya kwetu ilitoa mmweko mapema, hata kabla haijafikia joto la tangi. Nikarudia, ndoo ya mchanga iko miguuni. Mmweko ukapita tena.

Nikamwita injinia aje aone kwa macho yake. Nilipasha mbele yake, nikapitisha moto, mmweko ukapita.

"Hiyo ni maabara," alisema. "Huko nje ni nani atakayepitisha kiberiti juu ya tangi?"

"Mfuniko una makaa, injinia."

Simu yake moja ikaita, akaizima. "Basi mwambie mzee awe anayaondoa kwanza."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye bosi wake."

"Kwani si baba yako?"

Jibu hilo nimelibeba miaka yote hii. Lingetolewa na mtu wa mbali ningesema hajui mila zetu. Yeye alizijua, na ndiyo maana alilitumia. Alijua kwamba nitakwenda, na alijua nitakavyosema.

Nilimkuta baba mdogo mchana, amekaa kwenye gogo na vibarua wake, wanakula ugali na dagaa. Vibarua walimheshimu mno. Aliwagawia chakula kwa mkono wake, na aliyekula kwa pupa alimkanya. Nilipinda goti nikamwamkia, nikangoja amalize kumeza.

"Baba, nilikuwa na ombi. Yale mafuta ya taa wanayoleta asubuhi, yana mvuke wa kushika moto. Naomba, kama itawezekana, makaa yawe yameondolewa kwanza, yapelekwe mbali kabisa."

"Sawa, mwanangu. Tutaangalia."

"Ni hatari, baba."

"Nimekusikia. Njoo ule."

Nikala. Nikarudi kwenye kontena nikiwa nimetua mzigo. Kwa siku kadhaa nilichungulia asubuhi nikaona mfuniko umefagiwa, makaa yamerundikwa kando. Nikajiambia kazi imekwisha.

Asubuhi tangi liliposhika moto, mvua ilikuwa imeshaanza kunukia. Injinia alikuwa anaita watu kwa mkono, anataka kipande cha mwisho kimwagwe kabla ya matone. Sikuwepo kwenye tangi. Walionieleza walisema baba mdogo alikuwa amefagia nusu ya mfuniko tu, akaambiwa inatosha mzee, fungua. Kibarua mmoja akainua upande wa mfuniko, mwingine akamimina ndoo. Mimi nilisikia mlio mzito, si mkubwa, wa gunia la mpunga linalotupwa kutoka kwenye lori. Kisha kimya, kisha watu wanapiga yowe.

Vibarua walikimbia, na walifanya vema. Baba mdogo hakukimbia. Alifanya kile ambacho mpishi yeyote hufanya mafuta yakishika moto kwenye karai: alifunika. Aliukamata mfuniko wa chuma kwa mikono yake miwili, akauvuta mpaka ukakaa mahali pake, na moto ukazimika. Aliliokoa tangi. Aliwaokoa na waliokuwa upande wa pili. Lami ilikuwa imemrukia kuanzia vidoleni mpaka juu ya viwiko.

Nilipofika, mtu mmoja mwenye huruma alikuwa ameweka chini dumu la mafuta ya taa, analowesha kitambaa, anataka kumfuta. Nililipiga teke dumu lake likabingirika. Niliwapigia kelele wote walete maji, wamwagie mikono, wasiache, na atakayethubutu kuivuta ile lami kutoka kwenye ngozi nitamng'ata. Walinitii. Hata injinia alibeba ndoo. Baba mdogo alikuwa amekaa chini, mikono yake myeusi ameinyoosha mbele. Hakulia. Aliniuliza kama tangi limepona.

Hospitalini hawakuibandua. Waliilainisha kwa mafuta, kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka ikaachia yenyewe, na kila ilipoachia ilikuwa na cha kuondoka nacho. Injinia alikuja mara moja akiwa na sukari na sabuni, akasema ni mapenzi ya Mungu. Huko kambini alisema ni uzembe wa mzee. Mkaguzi alifika, sindano ikazama vizuri, barabara ikapokelewa. Masika yaliyofuata yaliikuta imeshapasuka kila mahali. Nilichukua kipande kilichomeguka karibu na mtaro, nikakiyeyusha kwenye heptani iliyobaki, nikaona unga ule ule, na zaidi. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho. Sijui mtu anaupeleka wapi usahihi wa namna hiyo.

Vidole vya baba mdogo vilipona vimejikunja ndani, havifunguki. Mwiko hawezi kuushika, wala kisu, wala kifungo cha shati. Kwa muda mrefu wageni hawakuisha barazani kwake, na kila mgeni alisimuliwa. Siku moja nilikuwa natoka jikoni na chai nikamsikia.

"Lami yangu haikuwa na neno," alikuwa akiwaambia. "Mambo yalianza walipoanza kuipima."

Wageni walinitazama, wakatazama vikombe. Nikawahudumia mpaka wa mwisho akaaga. Kisha nikaweka sinia chini, nikamwambia yote, nami nimesimama, sikupinda goti. Nilimwambia kwamba ni kupalia kwake ndiko kulikoiua lami. Nilimweleza unga, mafuta na utomvu. Nilimweleza sindano ilivyodanganywa, nikamweleza kikombe cha shaba na mmweko wa bluu, na kwamba niliuona kabla, na injinia aliuona kabla. Nilimwambia kama si kipimo changu asingekuwa hata na wa kumwonya. Nilikuwa nalia kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo yote hayo uliyajua," alisema.

"Niliyajua. Na nilikuambia, baba. Nilikuambia mbele ya watu."

"Uliniomba." Hakupandisha sauti. "Mtoto akiona nyoka mguuni pa baba yake, mwanangu, haombi."

Nilitaka kumuuliza kama angenisamehe lau siku ile ningemfokea mbele ya vibarua wake wakiwa na matonge mikononi. Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusema naomba na kama itawezekana, na kwamba alinipiga nilipokuwa mdogo kwa kusema vinginevyo. Yote yalikuwa kweli. Nikaketi, nikamshikia kikombe mdomoni, akanywa chai yake ikaisha.